Sahihi ya Mtu Aliyekuwepo

SEHEMU YA 1 KATI YA 7

 Mama zangu, na akina baba mnaosoma kimyakimya bila kusalimia, nawaona pia.

Leo hakuna mada ya chanjo wala ya mtoto anayekataa uji. Ile ya homa za usiku mliyoomba inakuja, sijasahau. Leo tukae kwenye historia kidogo, na imeanzia jikoni kwangu.

Binti yangu wa darasa la sita alirudi na daftari lenye kava la maua, akaliweka mezani pembeni ya sufuria, akasema, "Mama, na wewe andika." Nikafungua. Jina kamili. Jina la utani. Chakula unachopenda. Neno kwa mwenye daftari. Na chini kabisa, mstari wa saini. Jamani, nilicheka peke yangu. Nilidhani mambo haya yaliishia kwetu! Mliosoma enzi zetu mnaikumbuka otografu: daftari linazunguka darasa zima wiki za mwisho kabla ya mtihani wa kumaliza, kila mtu na kalamu yake ya rangi, na mwalimu akilikamata katikati ya kipindi basi imekula kwako.

Nikaandika, nikasaini. Akaitazama saini yangu, akauliza, wala hakuwa na nia mbaya: "Mama, hivi nikipata saini ya msanii au mchezaji, si itakuwa na thamani kuliko hizi zote?"

Sikuwa na jibu la haraka. Na kusema kweli, kwenye habari ya saini za mastaa mimi nina kosa langu la zamani wodini. Nitalisema sehemu ya 6, msiruke. Lakini kabla ya kumjibu mtoto nilitaka nijue hii kazi ya kukimbiza saini za watu maarufu ilianzia wapi. Siku zangu za mapumziko zimeishia hapo, na nimekuta mambo matamu.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kinayo mawili: saini, tuliyoichukua kwa Waingereza, na sahihi, iliyotufikia kutoka Kiarabu. Hilo la pili ndilo ninalolipenda. Sahihi ni jina lako uliloliandika kwa mkono wako. Na sahihi ni kitu cha kweli, kisicho na kosa. Neno moja hilohilo.

Sisi manesi tunaishi nalo. Ukimpa mgonjwa dawa, unasaini. Ukichoma chanjo, unasaini. Chuoni tulifundishwa kwamba kisichoandikwa hakijafanyika. Na mama asiyejua kuandika tunampa wino, anaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa kabla mwanawe hajaingizwa chumba cha upasuaji, na dole lile lina uzito sawa na saini ya profesa. Maana yake ni moja: nilikuwepo, na nalisimamia hili. Shikeni hapo, tutapahitaji.

SEHEMU YA 2

Twende Ujerumani, mji wa Wittenberg, miaka ya 1540. Mji mdogo, lakini chuo kikuu chake kilikuwa na jina kubwa, maana ndiko walikofundisha Martin Luther na rafiki yake Philipp Melanchthon. Vijana walitoka nchi mbalimbali kwenda kusoma pale. Siku ya kuagana ikifika, wengi walijua hawataonana tena maisha yao yote. Hakuna simu, hakuna picha, barua yenyewe inachukua wiki na wiki.

Basi wakawa na desturi yao. Mwanafunzi anakuwa na kitabu kidogo chenye kurasa tupu, au anachukua kitabu cha masomo na kumwomba fundi aingize karatasi nyeupe katikati ya zile zilizochapwa. Kisha anawapa walimu na wenzake waandike: neno la hekima, mahali, tarehe, jina. Wenye uwezo walimlipa mchoraji awachoree na nembo ya ukoo. Vitabu hivyo viliitwa kwa Kilatini album amicorum, yaani kitabu cha marafiki. Ukiangalia vizuri, ni otografu yetu ile ile ya wiki za mtihani, tofauti ni kwamba hakuna swali la chakula unachopenda.

Kitabu kile kilikuwa na faida nyingine. Kijana akihamia chuo cha mji mwingine, anafungua kurasa zake: tazameni, profesa fulani ananifahamu. Ilikuwa kama barua ya utambulisho. Na hapo ndipo kishawishi kilipoingia. Kama jina la mkubwa linakufungulia mlango, kwa nini usitafute jina la mkubwa zaidi? Kitabu cha marafiki kikaanza kuingiza watu ambao si marafiki.

Aliyekwenda mbali sana ni Philipp Hainhofer wa mji wa Augsburg, aliyezaliwa 1578 na kufa 1647. Alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya sanaa na mjumbe wa watawala, kwa hiyo milango ya majumba ya kifalme ilikuwa wazi kwake. Kwa takriban miaka 50 alikusanya saini za wafalme na mabwana wakubwa wa Ulaya, pamoja na michoro kama 100. Kadiri cheo cha mtu kilivyokuwa kikubwa, ndivyo mchoro wa ukurasa wake ulivyokuwa wa gharama. Alipokufa, mtawala mmoja aitwaye August, mwenye maktaba kubwa huko Wolfenbüttel, alitaka sana kukinunua kitabu kile, akakikosa. Mwaka 2020 maktaba hiyohiyo, ambayo leo ina jina la August, ikakinunua kwa karibu yuro milioni 2.8. Subira ya zaidi ya miaka 370!

Simlaumu Hainhofer, kujuana na wakubwa ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini kuanzia hapo njia zikawa mbili: kuna saini ya mtu anayekujua, na kuna saini ya mtu anayejulikana. Binti yangu, bila kujua, alikuwa ananiuliza ipi kati ya hizo mbili ina thamani.

SEHEMU YA 3

Hii ni ya manesi wenzangu, lakini mama wote karibuni.

Kufikia karne ya 19 vitabu vya saini vilishatoka kwa wanafunzi wa chuo vikafika kwa wasichana na watoto wa shule wa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, na wanawake wengi wa Uingereza wakaenda kufanya kazi hospitalini, wengine kama manesi na wengine kama wasaidizi wa kujitolea, walikwenda na albamu zao. Na majeruhi wakawa wanapewa waandike.

Walichokiandika bado kipo, kimetunzwa kwenye makumbusho na maktaba. Jina la askari, kikosi chake, mahali alipojeruhiwa na tarehe. Mwingine amechora nembo ya kikosi kwa uangalifu kama fundi. Mwingine amechora katuni za maisha ya wodini. Mwingine ameandika beti za utani, mwingine maneno ya shukrani tu. Hawa hawakuwa watu maarufu. Walikuwa vijana waliokuwa wanauza duka au kulima shamba mwaka mmoja nyuma.

Naelewa kwa nini manesi wale walifanya vile. Wodi ikijaa, mgonjwa anapoteza jina. Anakuwa "kitanda cha 7", anakuwa "yule wa mguu". Si ubaya, ni uchovu. Sasa mtu aliyelala siku nyingi akihudumiwa kila kitu na wengine, ukimpa kalamu na ukurasa mzima na kumwambia andika upendavyo, umemrudishia jina lake. Kwa dakika kumi yeye ndiye anayetoa na nesi ndiye anayepokea. Wengine walipona, wakarudishwa vitani, na hawakurudi tena. Ukurasa ukabaki.

Vita hiyohiyo ilipiganwa huku kwetu pia. Kariakoo unakokwenda kununua nguo za shule imepata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Babu zetu walibebeshwa risasi na chakula cha wengine porini, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wengi wao hawana hata kaburi lenye jina. Hakuna aliyewapa ukurasa. Huwa nalikumbuka hilo nikiwa kwenye foleni ya daladala pale sokoni, na ndiyo maana siku hizi nikimkuta bibi au babu wodini namuuliza jina lake kamili, la kwake, la baba yake na la babu yake, hata kama faili linahitaji mawili tu.

SEHEMU YA 4

Sasa tuje kwa mastaa na watoto wagonjwa. Twende Marekani mwaka 1926.

Kuna mchezo wao unaitwa besiboli: unarushiwa mpira, unaupiga kwa gongo, na ukiupiga ukavuka uzio wa uwanja umefanya jambo kubwa kuliko yote. Bingwa wa kuvusha uzio alikuwa Babe Ruth wa timu ya Yankees ya New York. Alikuwa maarufu kwa kiwango ambacho watoto wasiojua jina la rais walimjua yeye.

Mtoto wa miaka 11 aitwaye Johnny Sylvester, wa jimbo la New Jersey, alikuwa mgonjwa sana kitandani. Alitamani kitu kutoka kwa Ruth. Baba yake alikuwa mkubwa wa benki, akapeleka ujumbe wa simu ya upepo hadi St. Louis, ambako Yankees walikuwa wanacheza fainali. Mipira miwili ikatumwa kwa ndege, mmoja una saini za wachezaji wa Yankees na mwingine una za wapinzani wao, Cardinals. Kwenye ule wa Yankees, Ruth alimwandikia mtoto ahadi kwamba atamvushia mpira mmoja kwenye mechi ya Jumatano.

Jumatano hiyo ilikuwa tarehe 6 Oktoba 1926. Ruth hakuvusha mmoja, alivusha mitatu! Hadi siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kufanya hivyo kwenye mechi ya fainali zile. Fainali zilipoisha, na Yankees wameshafungwa, Ruth akaenda mwenyewe nyumbani kwa yule mtoto kumsalimia. Magazeti yakapata habari ya mwaka: mtoto aliyekuwa anakufa ameponywa na Babe Ruth.

Hapa nivae sare yangu kidogo. Mpira hauponyi. Hata ugonjwa wenyewe kila gazeti liliutaja kivyake. Kilichomponya Johnny ni matibabu na mwili wake mwenyewe. Msije mkaacha dozi eti mtoto kapata jezi! Lakini miaka yangu ya wodi ya watoto imenionyesha kwamba mtoto mwenye kitu cha kusubiri kesho anakula leo. Anakubali sindano. Anakubali kufungwa kidonda. Hilo ni kweli na halihitaji gazeti kulipamba.

Johnny alikua, akasoma chuo kikuu, akawa ofisa wa jeshi la majini katika Vita Kuu ya Pili, akaongoza kampuni ya mashine za kufungashia. Mwaka 1947 Ruth alikuwa mgonjwa wa saratani, na Johnny, sasa mtu mzima, akaenda kumwona. Ruth alifariki mwaka uliofuata, Johnny aliishi hadi 1990. Kwangu mimi safari ile ya 1947 ndiyo inayomaliza hadithi. Saini ilianza kama ya mtu anayejulikana, ikageuka kuwa ya watu wanaojuana, kwa sababu kila mmoja, kwa zamu yake, alikwenda akasimama pembeni ya kitanda cha mwenzake.

Lakini pia tuseme lingine. Johnny alikuwa na baba mwenye cheo. Wodi yetu ilijaa watoto ambao hawana mtu wa kuwapelekea ujumbe popote.

SEHEMU YA 5

Saini nyingine iliyonigusa ni ya baba watatu waliokuwa wanaondoka nyumbani.

Julai 1969, Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins walikuwa wanajiandaa kwenda mwezini. Kati yao walikuwa na watoto wanane. Sasa jiulize kama mama: mume wako anakwenda mahali ambapo hajawahi kufika mtu, akifa watoto watakula nini? Bima kubwa ya maisha kwa kazi kama hiyo ilikuwa ghali mno kwa mshahara wa serikali.

Wakafanya jambo la akili. Kabla ya safari, wakiwa wametengwa ili wasipate mafua wala maambukizi yoyote, walikaa mezani wakasaini bahasha za barua, nyingi. Wakamwachia rafiki waliyemwamini azipeleke posta zigongwe muhuri wa siku yenyewe: tarehe 16 Julai, siku ya kuruka, na tarehe 20 Julai, siku ya kutua. Kisha bahasha zikae na familia. Wakirudi salama, ni kumbukumbu tu. Wasiporudi, mjane auze moja moja kwa wakusanyaji, watoto wasome. Saini za baba ndizo zilikuwa bima.

Walirudi tarehe 24 Julai. Wakazungushwa duniani, hadi Kinshasa walifika. Na bahasha zile, miaka ya 1990, zikaanza kuonekana kwenye minada kwa bei kubwa. Mimi nikiwaza bahasha hizo siwazi mwezi kabisa. Nawaza yule baba anayeandika jina lake mara mia, mkono unauma, akijua kila moja ni ada ya shule ambayo huenda yeye hatakuwepo kuilipa.

Armstrong baadaye alikuja kuchoka. Kwa miaka mingi aliwasainia watu bure, watoto wakimwandikia anawajibu. Halafu akagundua saini zake zinauzwa, na mbaya zaidi, za kughushi zinauzwa pia. Miaka ya 1990 akaacha kabisa kuwasainia watu asiowajua. Wapo wakubwa walioghushi na kuuza, na aliyekosa ni mtoto aliyeandika barua yake kwa penseli.

SEHEMU YA 6

Tukifika kwenye kughushi, na mimi nimefika kwenye kosa langu.

Saini ya uongo si jambo jipya. Kuna mashine inayoshika kalamu na kuandika jina la mtu kama yeye mwenyewe, na wanasiasa wa Marekani wameitumia kwa miaka mingi kujibu barua. Kwenye michezo, wapo wahudumu wa vyumba vya kubadilishia nguo waliosaini mipira kwa niaba ya mastaa waliochoka. Miaka ya 1990 wapelelezi wa FBI walifuatilia mtandao wa waghushi kuanzia San Diego. Mchezaji wa besiboli wa mji huo, Tony Gwynn, alikuta vitu vyenye saini yake kwenye duka la timu yake mwenyewe, akasema hizi si zangu. Na kati ya vitu vilivyokamatwa kulikuwa na mpira wa besiboli wenye saini ya Mama Teresa! Yule mama wa Kolkata wa kuhudumia masikini, eti kasaini mpira wa besiboli. Na wateja walikuwepo.

Nilicheka niliposoma. Halafu nikanyamaza.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa wodi ya watoto, tulimpokea mvulana wa miaka tisa aliyegongwa na bodaboda. Mguu umevunjika chini ya goti, na kuna kidonda, kwa hiyo alifungwa P.O.P yenye dirisha la kusafishia na akalazwa kwa wiki kadhaa. Tulimwita Kepteni kwa sababu ya kupenda mpira. Mama yake alikuwa anauza vitumbua, alikuja alfajiri na jioni tu, maana asipouza hawali. Mchana mtoto alikuwa wetu. Na alikataa kula. Akawa anakonda mbele ya macho yetu.

Siku moja nikamwambia, ukila nitakuletea saini ya yule mchezaji unayempenda. Nilisema kama mnavyosemaga na nyie nyumbani, ili sahani iishe tu. Akala. Kesho yake akauliza. Keshokutwa akauliza. Nikajaribu kweli, nikamwomba jirani anayemjua mtu anayemjua mtu, ikashindikana. Basi nikachukua kadi nyeupe na kalamu nene, nikaandika jina la mchezaji kwa mikogo, nikachora na mpira pembeni. Mtoto alilala nayo chini ya mto. Alikula ugali na maharage akaomba tena. Mimi nikajiona Babe Ruth.

Siku ya tatu akaja mjomba wake na simu. Akatafuta picha, akalinganisha, akasema mbele ya wodi nzima, "Saini yake siyo hii, bwana." Kepteni akageukia ukutani.

Siku mbili hakunisemesha. Zamani nikimsafisha kidonda alikuwa analia na kunishika mkono. Sasa halii, hashiki, anatazama dari. Ningefurahi kama angenitukana. Na chakula akaacha tena, kwa hiyo hata kile nilichodanganya ili nikipate nikakipoteza.

Siku ya tatu nikakaa kwenye kitanda chake nikamwambia, "Kepteni, ile kadi niliandika mimi. Nilikudanganya. Naomba unisamehe." Akasema bila kunitazama, "Najua, sista. Ile M ni kama ya pale." Akanionyesha karatasi ya dawa iliyoning'inia miguuni pa kitanda, yenye mwandiko wangu wa kila siku. Mtoto alishalinganisha mwenyewe, kimyakimya. Kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Sasa mbona hukuandika jina lako?"

Sikuwa na la kusema. Nikatoa kalamu, nikaandika jina langu halisi kwenye P.O.P yake, na tarehe. Akaisoma yote. Akasema, "Na sista mwingine aandike." Ndani ya wiki ile P.O.P ikajaa. Manesi wa zamu zote, daktari, dada wa usafi, akina mama wa vitanda vya jirani, mtoto mmoja wa miaka minne aliyechora mduara akasema ndiyo jina lake. Na mama yake Kepteni, aliyeishia darasa la pili, aliandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, ulimi umetoka nje kidogo, mwanawe anamsubiri bila kusema neno.

Sitaki kuwaambia kwamba kuanzia hapo alikula kila kitu. Alikula nusu sahani, na ikatosha. Siku ya kukata P.O.P, mnajua harufu yake ilivyo! Sisi tulitaka kuitupa. Mama akachukua kile kipande chenye majina, akakifunga kwenye khanga. Nikamwambia anawe mikono kwa sabuni. Akanicheka tu.

SEHEMU YA 7

Kwa hiyo binti yangu nilimjibu nini?

Nilimwambia hivi: saini ya mtu maarufu si kitu kibaya. Ukikutana na mkimbiaji au mwandishi unayempenda, akasimama, akakuuliza jina lako na akaliandika na la kwake, hapo amekupa dakika ya maisha yake, na wewe una ushahidi. Hiyo itunze. Lakini ile ya kununua, ya kutumiwa na mtu asiyekujua, ya kugombania kwenye msongamano, hiyo ni jina tu. Thamani ya sahihi inatokana na kuwepo. Aliyeandika alikuwa pale, na wewe ulikuwa pale.

Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo ya bibi inahesabika?" Nikamwambia ya bibi ndiyo uianze kabla hajarudi kijijini Jumamosi.

Kwa wale mnaotaka kuwaanzishia watoto, machache kutoka kwangu:

Daftari la kawaida linatosha. Waambie waandike na mahali na tarehe, kama walivyofanya wale wanafunzi wa Wittenberg. Baada ya miaka 20 jina bila tarehe linakuwa fumbo.

Anzeni na wa nyumbani: bibi, babu, shangazi, mwalimu wa chekechea, dereva wa basi la shule. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na mtoto aandike jina pembeni. Msimcheke.

Mtoto asitumwe peke yake kwenye umati kumfuata staa. Mtu mzima awepo, mtoto aombe kwa adabu, na akikataliwa ajue hajakosewa. Msanii naye ana njaa na ana mtoto nyumbani.

Mtoto asimsainie mtu asiyemjua karatasi tupu, hata kwa mchezo.

Daftari likae mbali na jua na unyevu. Jua linafuta wino, na huku Pwani unyevu unaleta ukungu. Msilaminishe karatasi ya thamani, haifunguki tena.

Na mwisho kabisa: usimwahidi mtoto mgonjwa kitu usichoweza kukileta. Mpe ulichonacho, hata kama ni jina lako tu.

Sasa nenda kwenye kabati, toa kadi ya kliniki ya mwanao. Ifungue. Tarehe ya kuzaliwa, uzito, ile mistari inayopanda, na kwenye chanjo mikono ya manesi mbalimbali, wengine mwandiko kama kuku amepita. Hilo ndilo daftari lake la kwanza. Kila alama pale ni mtu aliyemshika, na siku hiyo wewe ulikuwepo umemfunga mgongoni.

Mnieleze basi, otografu zenu za shule mnazo bado, au zilifungia maandazi? Mimi yangu mama aliifungia karanga. Sina kinyongo, karanga ziliuzika.

Kesho nina zamu ya usiku. Wiki ijayo tunarudi kwenye homa za usiku, msimpe mtoto dawa za kubahatisha kabla hatujaongea.